Kabla Hajasema "Ni Kweli": Namna ya Kumpatia Msaada wa Kisheria Ndugu Aliyeshikwa na Uhamiaji

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 19 katika wilaya mojawapo ya mkoa huu wa Mtwara. Maneno mawili niliyoyasikia kizimbani kuliko mengine yote ni "ni kweli". Mtu anasomewa kwamba yeye ni raia wa Msumbiji, kwamba alikutwa mahali fulani bila pasipoti wala kibali, kisha anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Amelala mahabusu, hajaoga, na kila aliye mbele yake amevaa vizuri. Anajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Kalamu inapita. Kufika saa tano asubuhi kesi imekwisha, anasubiri gari la magereza.

Mmoja wao alikuwa kijana mvuvi wa Msangamkuu. Aliyekaa Mtwara mjini anajua kwamba ukisimama penye kivuko ukaonyesha kidole upande wa pili wa ghuba, unasema "ng'ambo". Kijana alikamatwa njia ya Kilambo akiwa na kikapu cha samaki wakavu, hana kitambulisho chochote, na alipoulizwa kazaliwa wapi akajibu: ng'ambo. Aliyeandika maelezo alikuwa mgeni wa mkoa huu. Kwake yeye ng'ambo ni nje ya nchi, na kwa kuwa njia ile inaishia Mto Ruvuma, akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri kuzaliwa Msumbiji. Kijana hakusomewa kilichoandikwa. Akaweka dole gumba. Mahakamani aliposikia "bila kitambulisho" akasema ni kweli, maana kitambulisho kweli hakuwa nacho.

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake. Lafudhi yake niliitambua, na neno ng'ambo nililielewa tangu maelezo yaliposomwa. Nikanyamaza, kwa sababu karani hana nafasi ya kusema. Alikaa gerezani miezi mitano mpaka wakili wa msaada alipolichukua shauri lake. Nilipostaafu nikaenda kusomea usaidizi wa kisheria kwa sababu ya kijana yule. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningemnong'oneza bibi yake siku ile ya kwanza, kama angekuja kuniuliza.

Jua kwanza yuko wapi na anaitwa nani

Simu ikiingia kwamba fulani kashikwa na Uhamiaji, watu hukimbilia kuchangishana pesa. Acheni pesa kwanza. Tafuteni mambo matatu: nani amemkamata, amehifadhiwa wapi, na anatuhumiwa nini. Ofisa wa Uhamiaji anaweza kumkamata mtu na kumlaza mahabusu ya polisi, kwa hiyo ukifika ofisi ya Uhamiaji ukaambiwa hayupo, usigeuze. Uliza amepelekwa kituo gani. Wakati mwingine aliyemkamata ni mgambo, na mtu bado yuko kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji. Hapo jambo linaweza kuisha jioni ileile, akiletwa mzee anayemjua tangu utoto wake.

Nenda wewe na mtu mmoja tu, mtu mzima mwenye kitambulisho chake mfukoni. Msiende kundi zima, maana mtaishia kufukuzwa getini. Salimu vizuri, kisha sema: "Afande, nimekuja kumwona ndugu yangu. Naomba kujua anatuhumiwa nini ili nimtafutie msaada wa kisheria." Maneno hayo ya mwisho yasikike. Chukua daftari, andika mbele yao jina la ofisa uliyezungumza naye, tarehe, saa uliyofika, na namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha polisi) au ya jalada. Huna haja ya kugombana na mtu. Daftari linatosha kuonyesha kwamba mtu huyu ana wenyewe.

Jibu utakalopewa kuhusu tuhuma ndilo litakaloamua njia. Kama anashtakiwa kuingia au kuishi nchini bila kibali chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, hiyo ni jinai na itakwenda mahakamani. Kama ametangazwa mhamiaji asiyetakiwa, au kama wanavyosema vijana "amepigwa PI", huo ni uamuzi wa kiutawala na huenda hakimu asimwone kabisa kabla hajapelekwa mpakani. Huyo ana haraka kuliko wote. Kama ni Mtanzania anayeshukiwa uraia, kazi kubwa ni ushahidi. Na kama amekimbia vita, sheria yake ni nyingine, nitaieleza mbele.

Niongeze jambo la vijana wa bodaboda, kwa kuwa wazazi wengi hawalijui. Anayembeba au kumsaidia mtu kuingia nchini kinyume cha sheria anaweza kushtakiwa kwa kusafirisha wahamiaji haramu, na adhabu inayotajwa huko ni faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20. Kijana anaona amebeba abiria wa shilingi elfu tano kutoka Kilambo. Akishikwa pamoja na abiria wake, mtafutie wakili wake mwenyewe, asichanganywe na huyo abiria, maana utetezi wao unaweza kugongana.

Saa za mwanzo kituoni

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, na haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Inaweka pia muda wa kumhoji: saa nne za msingi, ambazo zinaweza kuongezwa kwa utaratibu. Aliyekamatwa bila hati ya kukamatia apelekwe mahakamani ndani ya saa 24, au kwa haraka inayowezekana. Nimetaja haya ili ujue wakati wa kuanza kuuliza, "Afande, anafikishwa lini mahakamani?" Uliza kwa upole, kesho yake uliza tena, na kila mara andika jibu.

Ukipata dakika mbili za kuzungumza naye, usizitumie kulia wala kumlaumu kwa nini hakufuatilia kitambulisho cha NIDA. Mwambie mambo haya kwa sauti ya chini, kwa lugha anayoielewa zaidi: Asiseme uongo hata kidogo. Asiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa akaielewa. Ana haki ya kusema kwamba angependa msaidizi au wakili awepo kabla ya kutoa maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa kituoni na yanayoweza kutumika dhidi yake mahakamani. Akiulizwa mahali alipozaliwa, ataje kijiji, kata na wilaya, asitumie maneno ya mtaani. Asiseme "ng'ambo". Asiseme "kwa wajomba". Aseme Msangamkuu, Mtwara, aseme Kitaya, aseme Mnyawi. Kama hajui kata yake, wewe mtajie aikariri.

Lugha ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyokiri. Bondeni kule Ruvuma kuna watu ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Kimakonde chao au Kimakua chao ndicho wanachofikiria nacho, na wa upande wa pili wana Kireno kidogo juu yake. Mtu wa namna hiyo akiulizwa swali refu atakubali kwa heshima, kwa sababu kwao si adabu kumkatalia mkubwa. Aseme mapema, na wewe sema mapema, kwamba anahitaji mkalimani. Haki hiyo ipo pia mahakamani: mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama anatafsiriwa.

Mpelekee chakula na dawa zake. Mwenye dawa za kifua kikuu, VVU au sukari asikose hata siku moja. Waeleze walio zamu na uwaonyeshe kadi ya kliniki.

Wa kumtafuta, na wa kumkwepa

Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kabla yake sisi wasaidizi wa kisheria tulikuwa tunavumiliwa tu. Sasa tunatambuliwa na tunasajiliwa. Sheria hiyo pia inataka kuwe na utaratibu wa watoa msaada kuwafikia watu walio mahabusu na magerezani. Kwa hiyo ukimwambia afande kwamba umekuja na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, humwombi fadhila.

Njia fupi ya kumpata msaidizi ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako au wa halmashauri, kwa kuwa anawajua waliosajiliwa katika eneo lake. Wengi wetu tunakaa vijijini humu humu, tunalima korosho kama ninyi. Tutakachofanya ni kukueleza sheria, kukuandikia barua na maombi, kufuatana nawe kituoni, kukusanya vielelezo, na kukuunganisha na wakili. Hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Hiyo ni kazi ya wakili, na msaidizi anayekuahidi kusimama mbele ya hakimu anakudanganya. Hatutozi ada. Akikuomba "pesa ya muhuri", ondoka.

Mawakili wengi wamo mjini, na mtu wa Nanyumbu au Tandahimba anaona ni mbali. Anza kwa simu. Kuna mawakili wanaochukua mashauri ya msaada kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na kile cha msaada wa kisheria kwa wanawake, WLAC, vipo Dar es Salaam, lakini hupokea malalamiko kutoka mbali na wana watu wanaowafahamu mikoani. DIGNITY Kwanza, nayo ya Dar es Salaam, inashughulika zaidi na wakimbizi na watu ambao uraia wao una utata. Na sisi wa kusini tuna bahati moja: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi mjini. Tume haimtetei mtu mahakamani, lakini inapokea malalamiko bure na inaweza kufuatilia mtu anayeshikiliwa muda mrefu bila kufikishwa popote. Nimeandika barua kwao zaidi ya mara moja. Barua fupi yenye tarehe na saa husomeka haraka kuliko kurasa sita za uchungu.

Tangu mwaka 2023 kuna pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayozunguka mikoani na mawakili. Wakiwa wilayani kwako, waendee siku ya kwanza asubuhi. Siku ya mwisho foleni inazunguka uwanja.

Wa kumkwepa ni kishoka, wakili wa uongo. Utamkuta chini ya mwembe nje ya mahakama, ana briefkesi na mhuri, na anajua majina ya makarani wote. Wakili wa kweli ana namba yake ya uwakili, na jina lake linaonekana kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Mwombe kijana yeyote mwenye simu akutafutie. Ukilipa hata shilingi elfu kumi, dai risiti yenye jina la ofisi. Na yeyote anayekwambia "nipe laki mbili nimpe mkubwa fulani amwachie", huyo hatafuti haki ya ndugu yako. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Najua ni vigumu kukataa wakati mtoto wako yuko ndani. Lakini aliyetolewa kwa rushwa hutoka bila karatasi yoyote, na msimu ujao wa korosho anashikwa tena, na safari hiyo bei imepanda.

Kabla hujampigia wakili, andika ukurasa mmoja: jina kamili la ndugu yako na majina mengine anayojulikana nayo, alipozaliwa, wazazi wake na walikozaliwa, siku na mahali alipokamatwa, kituo alipo, tuhuma, tarehe ya mahakama kama imetajwa, na karatasi mlizo nazo. Wakili mwenye mashauri thelathini ataelewa shauri lako kwa dakika tano. Bila ukurasa huo, hizo dakika tano zinaishia kwenye "ehe, unasema ni nani yako?"

Karatasi, mjomba, na jina la jandoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za kwetu zinaposhindwa au kushinda.

Swali la uraia linapozuka, anayesema yeye ni raia ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Na maswali hayaishii kwake, yanapanda kwa wazazi na babu. Sasa fikiria familia za kusini. Watu wa upande wa pili walikuja kukata mkonge enzi za mkoloni. Wengine walivuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, kuanzia 1964 hadi uhuru wao tarehe 25 Juni 1975; Rutamba kule Lindi ilikuwa makazi ya wakimbizi hao, na Nachingwea kulikuwa na kambi ya FRELIMO. Waliooana wakazaa hapa ni wengi mno. Mpaka leo mtu akiitwa Mmawia (Mmakonde wa upande wa Msumbiji) kijijini, jirani mwenye ugomvi wa shamba naye anajua pa kwenda kumsemea. Kesi kadhaa nilizoziona zilianzia kwenye mpaka wa mikorosho, wala hazikuanzia mpaka wa nchi. Mwulize ndugu yako kama ana ugomvi na mtu, na umweleze wakili.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamtambua kuwa raia kwa kurithi mtoto aliyezaliwa nje ya nchi ikiwa baba au mama ni raia wa Tanzania ambaye uraia wake mwenyewe si wa kurithi. Baba au mama, mmoja anatosha. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Palma, Msumbiji, kwa sababu mama yake wa Nanyamba aliolewa huko ana la kusema, ingawa akifika miaka 18 hawezi kuendelea kushika uraia wa nchi mbili. Mwambie wakili mapema kama aliwahi kuchukua karatasi za Msumbiji. Usimfiche, upande wa mashtaka ukizitoa mahakamani, wakili wako atabaki mdomo wazi.

Vielelezo vya kutafuta: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA au hata namba yake, kadi ya mpiga kura, kadi ya kliniki ya utotoni, cheti cha darasa la saba au barua ya mwalimu mkuu kutoka rejesta ya shule, barua ya mtendaji wa kijiji. Kadi ya mpiga kura haithibitishi uraia peke yake, lakini ikiungana na nyingine inasaidia. Wakristo waende parokiani. Misheni za zamani kama Ndanda na Masasi zina vitabu vya ubatizo vinavyorudi nyuma sana, na mle kuna jina la mama, la baba, la kijiji na tarehe. Kwa Waislamu uliza mwalimu wa madrasa na imamu, waje wenyewe kama mashahidi. Hati za babu na bibi pia zina thamani: kadi ya zamani ya chama, risiti ya kodi ya kichwa, hati ya kazi ya mkonge. Uzaliwa wa kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 una kanuni zake, na karatasi moja ya babu inaweza kubeba ukoo mzima. Msizichome karatasi za marehemu mnapofanya arobaini.

Shahidi wa ukoo kwetu si lazima awe upande wa baba. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunahesabu ukoo kwa mama, na anayezijua mimba na mazishi yote ni mjomba. Nimeona familia zikileta baba mdogo kwa sababu "serikali inataka upande wa baba", akaulizwa bibi mzaa mama alizikwa wapi, hajui, ushahidi ukachakaa. Mlete mjomba. Kama hajui miaka, ajibu kwa matukio: alizaliwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji, alitoka jandoni pamoja na nani, unyago wa dada yake ulichezwa daraja la Mtambaswala la kuvukia Ruvuma lilipofunguliwa, 2010. Wakili mzuri anajua kuyageuza hayo kuwa tarehe.

Na hilo jando lina mtego wake. Vijana wetu hupewa jina jipya wakitoka jandoni. Kadi ya kliniki ina jina la utoto, cheti cha shule kina la jandoni, na kitambulisho kina la babu kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Mbele ya ofisa asiyejua mila hizi, hao ni watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ikiapwa mbele ya kamishna wa viapo, na mjomba aape ya kwake pembeni. Ifanyeni sasa hivi, hata kama hakuna aliyekamatwa. Toeni nakala tatu za kila kitu, na asili zisiachwe kituoni kwa mtu yeyote bila kuandikiana.

Siku ya mahakama

Mfike mapema, kabla ya saa mbili na nusu. Mashauri ya Uhamiaji husomwa bila kelele na unaweza kukuta yamekwisha ukiwa bado unauliza chumba. Kaeni mahali ambapo anawaona.

Shtaka likisomwa, kila kipande kina uzito wake: kwamba si raia, kwamba aliingia au alikuwepo, kwamba hana kibali. Akiulizwa, na kama kuna hata kipande kimoja asichokielewa au kisicho kweli, ajibu "si kweli". Kujibu hivyo hakumuudhi hakimu na si utovu wa adabu. Ni kuomba upande wa mashtaka uthibitishe. Nimewahi kuwafundisha watu maneno haya wakayakariri usiku mzima mahabusu, nawe mfundishe: "Mheshimiwa, naomba nafasi ya kupata msaada wa kisheria kabla ya kujibu shtaka, sina uwezo wa kuweka wakili." Sheria ya mwaka 2017 inampa hakimu nafasi ya kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada pale haki inapodai hivyo. Hatapewa kila mara. Lakini ombi likishaingia kwenye mwenendo wa shauri, limeandikwa, na wakili atakayekuja baadaye atalikuta.

Kama kweli ni mgeni na kweli hana kibali, wakili bado ana kazi. Anaweza kueleza umri, ugonjwa, mtoto anayenyonya, sababu ya kuvuka, siku alizokwisha kukaa ndani. Faini inayotajwa mara kwa mara ni shilingi 500,000, na asiye nayo anakwenda gerezani. Mtoto chini ya miaka 18 asisomewe shtaka pamoja na watu wazima. Mwite Afisa Ustawi wa Jamii siku hiyohiyo, na ueleze umri kabla ya jambo lolote.

Dhamana iombwe. Wadhamini waje na vitambulisho na barua za mtendaji, wawe wenyeji wanaojulikana, wasiwe watu wa kuokotwa nje ya mahakama. Kwa mgeni dhamana ni ngumu, kwa anayedai uraia ina nafuu kama ukoo wake umejaa kwenye mabenchi.

Ikiwa imeshaharibika

Akishatiwa hatiani, taarifa ya kusudio la kukata rufaa iwasilishwe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kungoja nakala. Aliye gerezani anaitoa taarifa kupitia mkuu wa gereza. Mkumbushe unapokwenda kumtazama, asisubiri wewe umpate wakili. Rufaa zetu huenda Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Aliyekiri kosa kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu, ila kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, mlango upo. Ndiyo mlango uliomtoa kijana wangu wa Msangamkuu: hukumu ikatenguliwa, shtaka likasomwa upya, na safari hii bibi yake alikaa benchi la mbele na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye kitambaa. Upande wa mashtaka ukaliondoa shauri.

Kwa aliyepigwa PI au kupewa amri ya kuondoka, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi huo. Ukomo wa kuomba kibali ni miezi sita, lakini miezi sita haina maana kwa mtu ambaye gari lake la kwenda Mtambaswala linawashwa kesho. Mwambie wakili aombe zuio la muda kwanza. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na mahakama au chombo kingine kinachoamua haki zake, kwa hiyo swali la kwanza la wakili litakuwa: alisikilizwa? Aliandikiwa sababu? Na kama mtu anashikiliwa tu, hapelekwi mahakamani wala haachiwi, kuna ombi la Mahakama Kuu kuamuru aletwe mbele yake na sababu za kumshikilia zielezwe. Daftari lako la saa na tarehe ndilo litakalojaza kiapo cha ombi hilo.

Waliovuka kwa kukimbia

Tangu mashambulizi ya Cabo Delgado, Msumbiji, yaanze Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, tumepokea watu wenye watoto mgongoni na hawana hata kandambili. Hapa kwetu Kitaya nako kulishambuliwa Oktoba 2020, kwa hiyo hofu ya wenyeji na ya walinzi wa mpaka ninaielewa. Lakini mkimbizi ana sheria yake, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Anatakiwa ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia, kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani (kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo), na aseme waziwazi kwamba anaomba hifadhi. Akijitokeza hivyo, sheria inamkinga asiadhibiwe kwa sababu tu ya kuingia bila kibali. Kwa hiyo ukimpokea shemeji au wifi usiku, usimfiche shambani kwa huruma. Asubuhi mpeleke kwa mtendaji, na umwombe mtendaji aandike tarehe na neno "hifadhi" kwenye kitabu chake. Kumficha wiki tatu kunaweza kumvua ile kinga, na wewe mwenyewe ukajikuta na shtaka.

Kama una mtu ndani hivi leo unaposoma, usimalize siku bila kumfikia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu alasiri. Ukichelewa, uliza anakoishi, ubishe hodi.